Kupima Mifupa kwa Eksirei: Historia ya Kipimo na Tatizo la Jina Lake

1. Utangulizi

Istilahi nyingi huingia katika lugha yetu kwa mlango wa ofisi au wa darasa, na mwananchi wa kawaida aweza kuishi miaka mingi bila ya kukutana nazo. Istilahi za tiba haziko hivyo. Hizo humfuata mtu siku aliyo dhaifu, huandikwa katika cheti chake, naye hutarajiwa aende nazo nyumbani na kuzifuata. Kwa sababu hiyo istilahi mbaya ya tiba huleta hasara ambayo istilahi mbaya ya uhasibu au ya uchapaji haiwezi kuileta.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kipimo kimoja cha tiba, nacho ni kile cha kupima mfupa kwa eksirei ili kujua kiasi cha madini yaliyomo ndani yake. Mataifa mengi hukiita kipimo hiki kwa jina lenye maana ya densiti ya mfupa. Tutaonyesha kuwa jina hilo halisemi kweli juu ya kitu kinachopimwa, na kwamba mfasiri anayelihamisha neno kwa neno huhamisha pamoja nalo kosa lililomo. Mwishoni tutatoa mapendekezo machache ili wasomaji wayapime.

2. Kwa nini Ubaruku

Kila istilahi yafaa ijaribiwe mahali fulani, mbele ya watu fulani. Sisi tumeichagua Ubaruku, si kwa sababu ya mitambo, bali kwa sababu ya watu wake. Ubaruku imo katika bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Katika miaka ya 1970 lilijengwa huko shamba kubwa la mpunga la Mbarali kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, likaendeshwa na shirika la umma la NAFCO, na baadaye likabinafsishwa. Maji ya mto Mbarali na mifereji yake yaliwavuta watu wa kila upande. Pamoja na Wasangu wenyeji, wamo Wahehe na Wabena waliotoka upande wa Iringa na Njombe, wamo Wanyakyusa na Wasafwa, wamo Wasukuma na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, shuleni na katika zahanati. Neno lisiloeleweka kwa Kiswahili huko, halieleweki kabisa.

Kazi ya mpunga ni kazi ya mgongo na ya viganja. Mwanamke aliyepandikiza miche tangu usichana wake, akabeba magunia na ndoo, akazaa na kunyonyesha, hufikia umri wa miaka 65 akiwa bado anakwenda shambani. Akiteleza juu ya tuta la jaruba akaangukia mkono, huenda kifundo cha mkono kikavunjika. Atapelekwa Rujewa, na pengine kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya, naye atapigwa picha ya eksirei. Daktari akishuku kwamba mfupa umevunjika kwa sababu isiyokuwa ya kuanguka peke yake, ataanza kusema juu ya "densiti ya mifupa", au "msongamano wa mifupa", au "uimara wa mifupa". Maneno hayo matatu hutumiwa kana kwamba ni neno moja. Ukweli ni kwamba kila moja lina maana yake, na wala hakuna hata moja linalosema kile ambacho mashine imekipima.

3. Jina lililokiri kutojua

Tuanze na eksirei yenyewe, maana jina lake lina mafunzo kwa mtunga istilahi. Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen, profesa wa fizikia katika chuo kikuu cha Würzburg huko Ujerumani, aligundua kwamba bomba lake la umeme lilikuwa likitoa mionzi isiyoonekana, yenye uwezo wa kupenya vitu ambavyo mwanga hauvipenyi. Hakujua ni mionzi ya namna gani. Kwa hiyo aliipa herufi X, ambayo wanahisabati huitumia kwa kiasi kisichojulikana. Tarehe 22 Desemba mwaka huo alipiga picha ya mkono wa mkewe, na picha hiyo ikaonyesha mifupa ya vidole na pete. Hivyo tangu mwanzo kabisa mfupa ndio uliokuwa mada ya eksirei. Mwezi Januari 1896 Albert von Kölliker, mwanazuoni mwenzake wa Würzburg, alipendekeza mionzi hiyo iitwe kwa jina la Röntgen, na Wajerumani wakalishika jina hilo hadi leo. Mwenyewe Röntgen alipendelea X.

Haukupita muda mrefu kabla ya chombo hiki kuhusishwa na mambo ya Afrika. Mwezi Machi 1896 majeshi ya Italia yalishindwa na Ethiopia katika vita vya Adwa. Mwezi Mei mwaka huo, katika mji wa Naples, askari wawili waliojeruhiwa katika vita vya Ethiopia walipigwa picha za eksirei ili zitafutwe risasi zilizobaki mikononi mwao. Mwaka 1898 daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye Battersby aliupeleka mtambo wa eksirei hadi Abadieh, nchini Sudan, akapata umeme wake kwa askari waliopiga pedeli za baiskeli.

Nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani katika miaka hiyo hiyo, lakini jina la Kijerumani halikukaa katika Kiswahili. Lililokaa ni eksirei, lililopokelewa kutoka Kiingereza na kutiwa irabu ili lifuate matamshi yetu. Neno uyoka nalo lilipendekezwa, ila midomo ya watu imebaki na eksirei. Sisi hatuoni ubaya katika hilo. Eksirei ni jina lisilodai kitu. Mtu akilisikia hadhani kwamba ameelezwa jinsi mionzi inavyofanya kazi, kwa hiyo hapotoshwi. Tatizo huanza pale jina linapodai kueleza jambo na maelezo yake yakawa si ya kweli.

4. Kutoka jicho hadi tarakimu

Picha ya eksirei ni kivuli. Mionzi hupita mwilini na kuifikia filamu iliyo upande wa pili, na mahali inapoifikia kwa wingi filamu huwa nyeusi. Kalisi iliyomo katika mfupa huizuia mionzi kuliko nyama inavyoizuia, na ndiyo sababu mfupa huonekana mweupe. Basi yaelekea kuwa rahisi: mfupa uliopungua utaonekana na weupe hafifu, na daktari atajua. Kumbe sivyo. Weupe wa picha hutegemea pia nguvu ya mionzi, unene wa mwili na namna filamu ilivyosafishwa. Imekuwa kawaida kufundishwa kwamba mfupa wa mgongo huweza kupoteza kiasi cha theluthi moja ya madini yake kabla ya jicho la mzoefu kutambua lolote katika picha ya kawaida. Ikifika hapo, pingili za uti wa mgongo huenda zimekwisha kubonyea.

Dawa ya udhaifu huo wa jicho ilitafutwa kwa njia mbalimbali. Njia mojawapo ya zamani ilikuwa kuweka kabari ya alumini kando ya mkono unaopigwa picha. Kwa kuwa unene wa kabari unajulikana katika kila ngazi yake, weupe wa mfupa uliweza kulinganishwa na weupe wa alumini katika filamu ile ile. Njia nyingine ilikuwa kuacha weupe na kupima umbo. Mwaka 1960 Barnett na Nordin walieleza namna ya kupima kwa rula, juu ya picha, unene wa ganda la mfupa wa kiganja na wa fupa la paja, pamoja na kubonyea kwa pingili za mgongo. Mwaka 1970 Singh na wenzake, kutoka India, walieleza jinsi ya kupanga madaraja kwa kutazama nyuzi za mfupa ndani ya shingo ya fupa la paja, maana nyuzi hizo hupotea kwa mfuatano maalumu. Njia hizi zilihitaji picha ya kawaida tu na mtu makini, na kwa hiyo zilifaa hata katika hospitali zisizokuwa na fedha.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1963. Cameron na Sorenson, wa chuo kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, waliiacha filamu kabisa. Walipitisha mwali mwembamba wa mionzi ya iodini-125 katika mfupa wa kigasha, na upande wa pili wakaweka chombo cha kuihesabu mionzi iliyofaulu kupita. Kwa mara ya kwanza mfupa wa mtu aliye hai ulitoa tarakimu badala ya rangi. Lakini njia hiyo ilifaa kwa mkono tu, ambao unene wa nyama yake uliweza kusawazishwa. Ili kufika nyonga na mgongo, mahali palipozungukwa na nyama nyingi, watafiti walitumia mionzi yenye nguvu za namna mbili kutokana na gadolini-153. Mfupa na nyama huizuia mionzi hiyo miwili kwa kadiri zinazotofautiana. Kwa hiyo hesabu mbili hupatikana kutoka mahali pamoja, na kutokana nazo sehemu ya nyama hutolewa ikabaki sehemu ya mfupa. Kasoro yake ilikuwa kwamba gadolini hufifia, na ilibidi inunuliwe upya mara kwa mara. Mwaka 1987 kampuni ya Hologic ya Marekani ilitoa mashine iliyotumia bomba la eksirei badala ya gadolini. Hiyo ndiyo njia ya eksirei za nguvu mbili, ambayo imeenea duniani hata ikawa kipimo cha kulinganishia vipimo vingine. Mionzi anayoipata mgonjwa katika kipimo hicho ni kidogo sana, pungufu kuliko ile ya picha ya kawaida ya kifua.

5. Debe na kivuli

Sasa tuitazame tarakimu inayotolewa na mashine hiyo. Densiti, kama mwalimu wa fizikia anavyofundisha, ni kiasi cha maada kilichomo katika ujazo fulani. Mkulima wa Ubaruku analijua jambo hili bila ya kulijua jina lake. Debe la mpunga uliokomaa na debe la mapepe yana ujazo mmoja, lakini ukiyainua utajua lipi lina punje na lipi lina maganda matupu. Huko ndiko kupima densiti: debe linajulikana, uzito unatafutwa.

Mashine ya eksirei haina debe. Yenyewe inatazama mfupa kutoka upande mmoja tu, kama mtu anayetazama kivuli ukutani. Inajua urefu na upana wa kivuli, lakini haijui unene wa mfupa kwenda nyuma. Kwa hiyo huchukua gramu za madini ilizozihesabu na kuzigawanya kwa eneo la kivuli, na jibu lake huandikwa kwa gramu katika sentimeta ya mraba. Msomaji aliye mwangalifu ataona mara moja kwamba hiyo si densiti. Densiti huandikwa kwa gramu katika sentimeta ya ujazo.

Je, tofauti hiyo ni ya wanazuoni tu? Tuchukue mfano. Tuwe na vipande viwili vya kitu cha aina moja, ambacho kila sentimeta ya ujazo ina uzito wa gramu 1. Kipande cha kwanza kina urefu, upana na unene wa sentimeta 2. Cha pili kina sentimeta 3 kila upande. Cha kwanza kina gramu 8, na kivuli chake ni sentimeta za mraba 4. Mashine itaandika 2. Cha pili kina gramu 27, na kivuli chake ni sentimeta za mraba 9. Mashine itaandika 3. Vitu ni vya namna moja, densiti ni moja, lakini kile kikubwa kimepata tarakimu iliyozidi kwa nusu. Vivyo hivyo mtu mwenye mifupa midogo huweza kuonekana kuwa na upungufu kwa sababu tu ya umbo alilozaliwa nalo. Mama mfupi wa Usangu akilinganishwa na mwanamke mrefu wa Ulaya, sehemu ya tofauti yao ni urefu, wala si ugonjwa. Neno "densiti" katika cheti chake litalificha jambo hilo. Neno "msongamano" litalificha zaidi, kwani kwa watu wengi msongamano ni wa abiria katika basi, na mgonjwa aweza kudhani kuwa mifupa yake imebanana.

6. Tarakimu si uimara

Wako wanaosema kwamba haidhuru, tuandike "uimara wa mifupa", maana mgonjwa anataka kujua kama mifupa yake ni imara au si imara. Hoja hii ina huruma ndani yake, lakini historia inaipinga, na ushahidi mmojawapo uko katika nchi yetu wenyewe.

Kutoka nyanda za kusini twende kaskazini, kwenye miteremko ya mlima Meru na mlima Kilimanjaro. Maji ya sehemu nyingi za huko yana floridi nyingi itokanayo na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi katika lita moja, na visima na mito kadhaa ya huko huzidi kiwango hicho mara nyingi. Watu wengi wanajua dalili yake ya kwanza, yaani meno yenye rangi ya kahawia. Dalili isiyoonekana kwa macho imo katika mifupa. Mwaka 1964 Grech na Latham walichapisha uchunguzi wao juu ya ugonjwa wa floridi katika sehemu za kaskazini za Tanganyika. Katika ugonjwa huo unapofika katika mifupa, picha ya eksirei huonyesha mfupa mweupe kuliko kawaida, yaani uliojaa madini. Kama weupe ungekuwa uimara, wagonjwa hao wangekuwa na mifupa imara kupita watu wote. Badala yake maungo hukakamaa, mgongo hukataa kupinda, viungo huuma, na mfupa huo uliojaa haupati nguvu kwa kadiri ya kujaa kwake.

Jambo hili lilithibitishwa kwa namna nyingine nchini Marekani. Mwaka 1990 Riggs na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la miaka minne kwa wanawake 202 waliokoma hedhi, ambao nusu yao walipewa floridi kama dawa. Tarakimu za uti wa mgongo za waliopewa floridi zilipanda kwa asilimia 35. Hata hivyo kuvunjika kwa pingili za mgongo hakukupungua kwa kiasi cha kuaminika, na kuvunjika kwa mifupa mingine kukaongezeka. Tarakimu ilipanda, uimara haukupanda.

Upande wa pili wa jambo hili umeonekana Afrika Magharibi na Kusini. Mwaka 1968 Louis Solomon alieleza kwamba kuvunjika kwa shingo ya fupa la paja kulikuwa nadra miongoni mwa Waafrika wa Afrika Kusini, ijapokuwa mifupa yao haikuonekana kuwa na wingi uliozidi ule wa Wazungu. Mwaka 1996 watafiti waliofanya kazi vijijini Gambia walionyesha kwamba wanawake wazee wa huko walikuwa na madini machache katika mifupa kuliko wanawake wa Uingereza, lakini mifupa iliyovunjika kwa sababu hiyo ilikuwa michache. Hapo tarakimu ni ndogo, na mfupa unastahimili.

Hatusemi kwamba kipimo hakina maana. Katika kundi moja la watu, wenye tarakimu ndogo huvunjika mifupa zaidi kuliko wenye tarakimu kubwa, na daktari ana haki ya kukitumia kipimo kama onyo. Tunachosema ni kwamba onyo si hukumu. Uimara ni uwezo wa mfupa kustahimili kishindo, nao hutegemea pia umbo la mfupa, mpangilio wa nyuzi zake, nguvu za misuli, na jinsi mtu anavyoanguka. Mfasiri akiandika "uimara" mahali palipoandikwa gramu, amegeuza onyo kuwa hukumu kwa kalamu yake mwenyewe.

7. Jina la ugonjwa

Ugonjwa unaotafutwa kwa kipimo hiki huitwa osteoporosisi. Jina hilo lilitungwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 na Jean Lobstein wa Strasbourg kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mfupa na vitundu, kwa kuwa yeye aliitazama mifupa ya maiti akaona imejaa vitundu. Katika Kiswahili watu husema "udhaifu wa mifupa". Jina hili ni pana mno, maana linaweza kuchukua hata matege ya watoto.

Wengine hupendekeza "upungufu wa madini ya mfupa". Hapa yatupasa kuwa waangalifu sana. Mwaka 1941 Fuller Albright, daktari wa Boston, alieleza ugonjwa huu kama unavyowapata wanawake waliokoma hedhi, na akasisitiza tofauti yake na ugonjwa wa kulainika mifupa. Katika kulainika, mfupa upo lakini haukupata madini ya kutosha, mara nyingi kwa kukosa vitamini D. Katika osteoporosisi, mfupa uliopo una madini yake kama kawaida, ila mfupa wenyewe ni mchache. Mashine ya eksirei haiwezi kuzitenganisha hali hizi mbili, kwa sababu katika zote tarakimu hushuka. Kumbe jina "upungufu wa madini" lingekuwa limeuelezea ugonjwa wa pili na kubandikwa juu ya wa kwanza, na tiba zake si moja.

Kiswahili kina neno linalofaa, nalo ni kukonda. Mtu aliyekonda ni mtu yule yule. Nyama yake ni nyama kama ya wengine, ila imepungua. Mfupa uliokonda ni mfupa wa kweli uliopungua. Neno hili linaeleweka Ubaruku kama linavyoeleweka Unguja, halihitaji kamusi, na halidai zaidi ya linavyojua.

8. Wastani wa nani?

Limebaki jambo la mwisho. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mpaka wa kuutambua ugonjwa huu kwa tarakimu. Kipimo cha mgonjwa hulinganishwa na wastani wa vijana walio wazima, na tofauti yao hugawanywa kwa mchepuko wastani wa vijana hao. Jibu hupewa herufi T. Likifika hasi 2.5 au chini ya hapo, mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa. Kwa mfano, wastani wa vijana katika shingo ya fupa la paja ukiwa 0.86 na mchepuko wake 0.12, mwanamke mwenye 0.56 ana upungufu wa 0.30, ukigawanya kwa 0.12 unapata hasi 2.5 kamili. Ipo pia herufi Z, ambayo humlinganisha mtu na watu wa umri wake.

Vijana hao ni akina nani? Kipimo cha kulinganishia kilichokubaliwa kimataifa kwa shingo ya fupa la paja kinatokana na wanawake weupe wa Marekani wenye umri wa miaka 20 hadi 29, waliopimwa katika uchunguzi wa taifa hilo uliomalizika mwaka 1994. Yapo maelezo ya kutumia kundi moja kwa dunia nzima, hasa ili tarakimu za nchi mbalimbali zilinganishwe. Lakini mfasiri akiandika "wastani wa kawaida", mgonjwa wa Ubaruku atadhani amelinganishwa na binti zake. Neno "alama" nalo, lililozoeleka mahali pa T, lina harufu ya mtihani; mtu mwenye alama ya hasi atajiona ameshindwa chini hata ya sifuri. Hakuna mtihani hapa. Ipo tofauti tu kati ya mtu na kundi, na kundi hilo lapaswa kutajwa.

9. Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Eksirei: neno libaki kama lilivyo katika maandishi ya tiba.

(b) Densiti: litumike katika fizikia, na katika tiba litumike tu pale ujazo wa mfupa unapopimwa kweli.

(c) Kipimo cha madini ya mfupa: liwe jina la kipimo cha eksirei za nguvu mbili. Katika ripoti za wataalamu liongezwe "kwa eneo".

(d) Uimara wa mfupa: liachiwe maana yake ya kustahimili kishindo, wala lisitumike kwa tarakimu ya mashine.

(e) Kukonda kwa mifupa: liwe jina la kumwelezea mgonjwa osteoporosisi. Neno osteoporosisi lenyewe libaki katika vitabu vya wataalamu.

(f) Kulainika kwa mifupa: liwe jina la ugonjwa wa mifupa kukosa madini kwa watu wazima, nalo lisichanganywe na hilo la juu.

(g) Tofauti T na tofauti Z: zichukue nafasi ya "alama", na kila zinapoandikwa kitajwe kundi la kulinganishia.

Yawezekana baadhi ya wasomaji watasema kwamba tunajishughulisha mno na tofauti ndogo ndogo, na kwamba daktari atamweleza mgonjwa kwa mdomo yale ambayo cheti hakikuyasema. Sisi twajibu kwamba daktari ana wagonjwa wengi na muda mfupi, na kwamba cheti ndicho kinachosafiri kutoka Mbeya kurudi Ubaruku. Huko kitasomwa na mjukuu aliyefika darasa la saba, mbele ya bibi yake, jioni. Akisoma kwamba mifupa ya bibi si imara, bibi ataacha kwenda shambani, atakaa, na misuli yake itapungua, na mfupa usiotumiwa nao huzidi kukonda. Akisoma kwamba mifupa imekonda kiasi fulani na kwamba inampasa kujihadhari na kuanguka, atatafuta fimbo ya kutembelea, atawaomba vijana wamsawazishie njia ya kwenda mferejini, na ataendelea kutembea.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa hospitali walioko mikoani wayajaribu maneno haya mbele ya watu wanaowahudumia, kisha waiandikie jarida hili kueleza yapi yameeleweka na yapi yamekataliwa.